Nyota ya Ncha Tano

Jumatano, 1 Juni 2005. Houston

Wakili amesema niwe naandika tarehe. "Kila kitu, Jerioth. Ulikuwa wapi, ulifanya nini, barua gani imekuja." Eti siku moja afisa wa uhamiaji ataniuliza na nitabaki nikikuna kichwa. Basi nimenunua daftari hili la jalada la kijani na leo naanza.

Nafanya kazi Meyerland, nyumbani kwa Mzee Ervin Pollak. Namtunza siku sita kwa wiki, kuanzia chai ya asubuhi mpaka nimtie matone ya macho jioni. Ombi langu la kibali cha kutoka nchini na kurudi lilipokelewa tarehe 9 Mei. Nikitoka bila kibali hicho, faili yangu ya makazi inakufa, na miaka saba ya kuhangaika inaenda na maji.

Posta (barua zangu huja kwa anwani ya Mzee): hakuna kitu.

Ijumaa, 3 Juni

Sababu ya kibali ni hii. Mzee anataka kwenda Ulaya mwezi wa Novemba, na anataka mimi ndiye nimpeleke. Ana miaka sabini na minne, miguu mizuri, mdomo mzuri zaidi, lakini katikati ya macho yake panakufa. Daktari amesema mwaka ukiisha hatasoma wala kutambua uso wa mtu.

Yeye na marehemu mkewe, Lili, walikuwa wakienda Ulaya kila kiangazi kutazama masinagogi ya kale. Kuna albamu kumi na moja kwenye rafu ya sebuleni. Prague, Venice, Amsterdam, Budapest, Toledo. Ameona masinagogi ya watu wote isipokuwa la mji aliozaliwa. Mji wenyewe una jina gumu, herufi zimesukumana kama watu mlangoni, kwa hiyo humu nitauita Mji wa Mzee. Nilimuuliza kwa nini hakwenda kwao. Akasema matone yanamwasha.

Jumatatu, 6 Juni

Mazoezi. Amefungua albamu, akanisukumia, akafumba macho. "Sema unachokiona."

Picha ilikuwa ya Prague. Nikasema ni sinagogi zuri sana la kale.

Akafumbua jicho moja. "Zuri halionekani. Madirisha je?"

Nikatazama vizuri. Membamba, marefu, yako juu sana ukutani. Ndani giza. Nguzo mbili zimesimama katikati ya ukumbi, na taa za chuma zimening'inia kwa minyororo.

"Sasa umeingia ndani," akasema. "Kesho Venice."

Mimi nilikuja Amerika kusomea uuguzi. Leo nahesabu madirisha ya watu. (Tunazungumza Kiingereza, lakini nayaandika kwa Kiswahili ili nipumzike.)

Jumanne, 7 Juni

Venice. Nikamwambia sioni sinagogi, naona nyumba ya ghorofa yenye nguo zilizoanikwa. "Tazama juu." Madirisha matano makubwa, yamejipanga. Ndilo hilo. Masinagogi yao walikuwa wakiyajenga ghorofani, juu ya vyumba vya watu. Posta: hakuna.

Alhamisi, 16 Juni

Leo nimeharibu.

Ni siku ya kumbukumbu ya Lili, miaka miwili. Nilimpeleka Mzee makaburini. Simu ikalia tukiwa tunaegesha gari. Alikuwa Naomi, binti yake wa Plano, kwa hiyo nikamwacha Mzee ndani ya gari azungumze, nikatangulia na ufagio mdogo, ndoo na maua niliyonunua kwa hela yangu. Nikakuta juu ya jiwe la kaburi kumejaa vijiwe. Kokoto tupu. Nikasema moyoni, huyu mtunza makaburi analipwa afanye nini? Kwetu kaburi chafu ni aibu ya nyumba nzima. Nikavikumba vyote nikavitupa kwenye pipa, nikaosha jiwe hadi likang'aa, nikapanga maua.

Mzee akaja na fimbo yake. Hakutazama maua. Alipitisha kiganja juu ya jiwe, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Viko wapi?"

"Vipi, Mzee?"

"Vijiwe vyake! Viko wapi?"

Hajawahi kunifokea. Watu wa kaburi la pili waligeuka. Nilikimbia kwenye pipa, nikalipindua, nikapiga magoti kwenye jua hilo la Houston nikichagua kokoto kati ya vikombe vya kahawa. Nilipata ishirini na tatu. Kimoja kilikuwa cha dada yake Lili, aliyetoka nacho Haifa, na huyo dada naye ameshafariki. Kipi, hakuna ajuaye tena.

Tulirudi kwenye gari tukafika taa za Bellaire. Ndipo akasema, "Maua yanakufa Jumanne. Jiwe linasema mtu alikuja."

Mwaka mzima nilimwona bahili kwa sababu hanunui maua. Naona haya. Na nina hasira pia, kwa nini mtu asiambiwe?

Ijumaa, 17 Juni

Sikulala vizuri. Nimefikiria kaburi la Mama. Mama alifariki Februari 2002, kwetu Kerugoya, na mimi sikwenda kwa sababu ya hizi hizi karatasi. Nilitumiwa na kaka yangu mkubwa, Elkana, kanda ya video ya mazishi. Niliitazama mpaka jeneza lilipoanza kushuka, nikaizima. Kaburi lenyewe sijui liko karibu na mti gani.

Jumanne, 28 Juni

Mzee amesema. Sikumuuliza, nilikuwa nakunja mashuka.

Baba yake alikuwa fundi rangi. Kiangazi cha 1938 alipewa kazi ya kupaka upya dari ya sinagogi lao: samawati yote, na juu yake mamia ya nyota za dhahabu. Kila nyota ncha sita, kila ncha mpigo mmoja wa brashi kutoka katikati kwenda nje. Ervin alikuwa na miaka saba. Siku moja baba yake alimpandisha juu ya jukwaa la mbao, akamshika ukanda wa suruali kwa nyuma, akampa brashi. "Hii ni yako."

Akapiga ncha ya kwanza. Ya pili. Alikuwa amemaliza ya tano mama yake alipoingia akipiga kelele chini, na karatasi mkononi. Ilikuwa viza. Mjomba wake mwenye duka Galveston alikuwa amemwombea, yeye peke yake kwanza, wazazi wangefuata. Wakashuka mbio. Treni ilikuwa baada ya siku nne, na siku nne hizo zilikuwa za kushona makoti na kulia. Stesheni baba yake alimwambia: "Sitaigusa. Utarudi umalize ncha ya sita mwenyewe."

Wazazi hawakufuata. Mwaka 1942 wao walipandishwa treni nyingine, ya kwenda kambini.

"Kwa hiyo ndiyo maana hukwenda," nikasema.

"Ningeingia nikasema nini? Samahanini, nimechelewa?"

Jengo lipo. Lilifanywa ghala la samani miaka mingi, sasa mama mmoja wa mji ana ufunguo na huwafungulia wageni. Mzee anataka kuiona nyota yake ikiwa na ncha tano, kwa macho yake, kabla macho hayajaisha. Ni hilo tu. Nilimaliza mashuka nikaenda kusimama kwenye sanduku la barua, kana kwamba nikisimama ndiyo posta itakuja.

Jumatatu, 4 Julai

Fataki. Mzee hazipendi. Mimi pia.

Jumanne, 19 Julai

Nimekwenda kuchukuliwa alama za vidole. Généreuse, Mkongomani ninayefanya naye kazi, anayekuja Jumapili, ndiye aliyenishikia zamu. Niliporudi Mzee alikuwa amenuna. Alimuuliza Généreuse picha ya Budapest inaonyesha nini, naye akamjibu kila kitu ni kizuri, Papa, we pumzika.

"Mais Jerioth," Généreuse akaniambia tukiwa jikoni, "mugonjwa unamuambia ile ya kumutuliza. Miye miaka kumi ninafanya ile kazi. Akiuliza mutoto wake atakuja, unasema atakuja. Akiuliza damu ni mingi, unasema ni kidogo. Utamuambia kweli juu ya nini? Kweli itamuponyesha?"

Sikumbishia. Sote hufanya hivyo. Hata kwenye mafunzo walitufundisha, ingawa hawakuliita kwa jina lake.

Jumatano, 3 Agosti

Posta: hakuna. Joto la kuchemsha ubongo.

Alhamisi, 11 Agosti

Siwezi kukaa. Nimefagia gereji ambayo hakuna mtu huingia. Nimepanga dawa kwa herufi, nimezipanga tena kwa rangi. Nimempigia wakili, karani wake akaniambia, "Ma'am, subira." Nikamwambia subira ninayo tangu 1998, nataka karatasi.

Jioni Amsterdam. Hapo nilicheka: wamemwaga mchanga sakafuni, makusudi, unyonye maji na matope ya viatu. "Kwa hiyo hapa ufagio wako ungefanya maafa," Mzee akasema. Ni mara ya kwanza anatania kuhusu siku ile ya makaburini. Nikajua nimesamehewa nusu.

Ila aliposhika albamu mwenyewe aliinamisha kichwa pembeni, kama kuku anayetazama punje. Anatumia ukingo wa jicho sasa.

Jumamosi, 20 Agosti

Naomi alipiga simu akataka mimi, si baba yake. Kwamba safari ni wazimu. Kwamba amepata makao mazuri ya wazee karibu na Plano. Kwamba mimi ndiye ninayemtia baba yake moto.

Nikamwambia mimi hata kibali sina.

"Basi na kisije," akasema, akakata.

Mwanamke yule ana moyo wa friji.

Ijumaa, 2 Septemba

Kimbunga kimeizamisha New Orleans. Watu wamejaa Houston, mabasi kwa mabasi. Kanisa letu limepika wali wa watu mia tatu. Mzee alinituma nipeleke mablanketi yake yote isipokuwa moja, halafu akalalamika jioni nzima kuhusu baridi ya kiyoyozi. Posta: hakuna.

Jumatano, 21 Septemba

Sasa ni zamu yetu. Kimbunga kingine, Rita, kinakuja moja kwa moja. Meyerland imekaa karibu na mto, maji yakija yanaingia sebuleni. Naomi yuko Chicago kikazi mpaka Jumamosi, alilia kwenye simu. Tutakwenda Arlington, kwa binamu yangu Gichuki. Mzee amekataa kuondoka bila albamu. Zote kumi na moja.

Jumamosi, 24 Septemba. Arlington

Naandika yote, hata yale ambayo wakili hapaswi kuyaona.

Tuliondoka Alhamisi saa nne asubuhi. Kutoka Houston hadi Arlington ni mwendo wa saa nne au tano. Sisi tulitumia ishirini na tatu. Dunia nzima ilikuwa kwenye barabara ile, magari bampa kwa bampa, na mengine yamekufa kando kwa kukosa mafuta. Nilizima kiyoyozi ili petroli ifike. Mzee alivua shati akabaki na fulana, nikamlowesha taulo kichwani.

"Sema unachokiona," akasema.

Nikasema. Mwanamke amebeba keki ya harusi mapajani. Mbwa watatu kwenye gari dogo, na mmoja ndiye amekaa mbele. Wanaume wanasukuma gari huku dereva anakula tufaha. Farasi kwenye trela. Mtoto anakojolea tairi la polisi. Alicheka. Tulikuwa tukisonga kama siafu, lakini alicheka.

Saa nane mchana hatujafika hata Conroe. Akasema, "Jerioth, lile lori mbele lina shimo katikati."

Lori halikuwa na shimo. Nikainua vidole mbele ya uso wake. Viwili.

"Vingapi, Mzee?"

Aliinamisha kichwa pembeni. "Vitatu."

"Sawa kabisa," nikasema.

Nimeandika. Ndivyo nilivyosema. Hakukuwa na pa kwenda, gari la wagonjwa lenyewe lilikuwa limekwama nyuma yetu likilia bure. Niliona nikimwambia kweli atapata hofu, na hofu itampandisha presha, na tuko katikati ya barabara. Nilimwambia ile ya kumtuliza. Akaegemeza kichwa. Hakuniuliza tena ninachokiona mpaka Arlington.

Tulifika Ijumaa saa tatu asubuhi. Gichuki alitupokea mlangoni na nguo zake za kazi, ndiyo kwanza ametoka hospitalini, yeye ni nesi.

"Karibu Mzee, karibu sana, feel at home. Cuzo, mmenitesa! Nimepiga simu hadi battery ikaisha. Na umekonda, ama ni traffic?"

Bintiye Fiona, wa miaka tisa, akamtazama Mzee juu hadi chini. "Is he gonna sleep in my room?"

"Fiona, salimia mgeni kwanza."

"Hi. It's okay, you can have the bottom bunk."

Jioni Mzee akaomba mishumaa miwili, maana ilikuwa Ijumaa na Sabato yao inaingia jua likitua. Gichuki hakuwa na mishumaa. Fiona akaleta ile midogo ya keki ya bethidei, ya pinki, nikaichomeka kwenye viazi viwili. Mzee akasimama, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini, akanyosha mikono kuelekea mwanga. Mikono ikaenda pembeni. Ilikuwa ikitafuta mishumaa mahali ambapo haikuwepo, karibu na bakuli la sukuma wiki.

Gichuki alinivuta kwenye korido. "Cuzo, huyu mzee haoni. Since when?"

"Jana mchana."

"Jana? Na amejua? Umemwambia nini?"

Nikainama kuokota kiatu cha Fiona.

"Jerioth. Ume-tell mzee wa watu nini?"

Tulimpeleka hospitali usiku huo huo. Damu imevuja ndani ya macho yote mawili. Daktari alisema pengine kuwahi kungesaidia, pengine kusingesaidia. Hilo pengine nimelibeba tangu jana, siwezi kuliweka chini.

Leo asubuhi Naomi ameshuka uwanja wa ndege akaja moja kwa moja. Nilijiandaa kutukanwa. Alikaa kwenye zulia la Gichuki karibu na miguu ya baba yake, na viatu vyake virefu mkononi, akala chapati tatu na akalia. "Ulimfikisha," akaniambia. "Ningekuwa mimi, ningemwacha kwenye nyumba na kuomba Mungu." Nilimdhania moyo wa friji. Ni woga tu, alikuwa na woga wa mtoto.

Kimbunga, kumbe, kilipinda. Houston hakuna hata paa lililotoka. Meyerland pamekauka.

Jumapili, 25 Septemba

Kabla hatujaondoka Gichuki akaniuliza kama nimewahi kuimaliza ile kanda ya mazishi ya Auntie. Nikamwambia niliizima jeneza likishuka. "Iko hapa, cuzo. Ukitaka." Nikasema barabara itajaa, tuondoke.

Ijumaa, 30 Septemba. Houston

Mzee amefuta safari. Amemwambia Naomi kwa simu, "Nilitaka kuona. Hakuna tena kuona." Albamu zimerudi kwenye rafu, kichwa chini miguu juu. Sijazigeuza.

Jumanne, 11 Oktoba

Hawa watu wana siku kumi kati ya mwaka wao mpya na siku ya kufunga, na katika siku hizo mtu humwomba radhi kila aliyemkosea. Mzee amenieleza kwamba Mungu husamehe makosa yake Yeye, lakini kosa la mtu kwa mtu halishughulikii mpaka mwenye kukosewa aombwe. Basi tangu Jumatano iliyopita nampigia watu simu kwa niaba yake, nampa kipokezi. Jirani. Mkwe wa zamani. Kinyozi.

Leo akasema, "Zima simu. Kaa." Nikakaa. "Nilikufokea makaburini mbele za watu. Ulikuwa umefanya kwa heshima. Nisamehe."

Nikasema nimesamehe. Ningeishia hapo. Lakini sikuinuka.

"Mzee, vilikuwa viwili."

"Nini viwili?"

"Vidole. Kule barabarani. Uliposema vitatu nikasema sawa. Vilikuwa viwili."

Saa ya ukutani ilipiga. Alikuwa akitazama upande wa jokofu, akidhani niko huko.

"Nilikuuliza kila siku jambo moja tu," akasema. "Kila siku, Jerioth."

"Najua."

"Nenda nyumbani."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilikwenda.

Alhamisi, 13 Oktoba

Siku yao ya kufunga. Naomi yuko naye. Mimi niko chumbani kwangu nimepika ugali sikuula. Kutwa nimekwenda dirishani na kurudi. Sijafukuzwa, sijaitwa.

Ijumaa, 14 Oktoba

Saa moja asubuhi simu.

"Chai iko wapi?" Mzee.

Nilipofika alikuwa amekaa mahali pake, na albamu ya Venice mezani. Alinywa chai yote kabla hajasema. "Nilijua vilikuwa viwili au kimoja. Nilisikia sauti yako. Ulipokuwa ukisema habari za keki na farasi ulikuwa na sauti moja, na uliposema sawa kabisa ulikuwa na nyingine. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka iwe vitatu." Akasukuma albamu. "Kwa hiyo sote wawili. Kibali chako kikija tutakwenda. Wewe utatazama."

Ijumaa, 21 Oktoba

Posta: KIMEKUJA. Bahasha nyembamba kama ya tangazo la pizza, nusura niitupe. Nimekimbia mtaani na kandambili.

Jumatano, 26 Oktoba

Naomi anakuja nasi. Kazini ameomba wiki. Yeye atarudi na Mzee, na mimi kutoka Vienna nitapanda ndege ya Nairobi, siku kumi. Ni Mzee aliyepanga hivyo na wakala wa tiketi bila kuniuliza. Nilipomshukuru akasema matone yanamwasha.

Jumapili, 13 Novemba

Uwanja wa ndege, Houston. Nimegusa kibali mfukoni mara arobaini. Bado kipo.

Jumatano, 16 Novemba. Mji wa Mzee

Nitaandika leo leo.

Sinagogi liko nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli. Nje ni la manjano iliyopauka, madirisha sita ya upinde, mawili yamezibwa kwa matofali. Mama mwenye ufunguo ni mfupi, ana sweta mbili. Alimshika Mzee mkono kwa mikono yake yote miwili akazungumza naye lugha ambayo Naomi hakujua kwamba baba yake bado anaijua.

Ndani hakuna benchi hata moja. Baridi, harufu ya vanishi ya samani. Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati, na koti na kofia, fimbo kati ya magoti. Mimi nililala chali sakafuni juu ya koti langu na darubini yake ya kutazamia ndege.

"Sema unachokiona."

Dari ipo. Samawati imefifia, upande wa mashariki maji yameingia na kipande kikubwa kama zulia kimebanduka, matofali yanaonekana. Kwingine nyota zipo. Nyingi. Dhahabu imekuwa kahawia, lakini zipo. Njiwa mmoja kwenye boriti.

"Juu ya roshani ya wanawake," akasema. "Safu ya tatu kutoka ukutani. Tulipandia pale."

Nikatafuta safu ya tatu. Nikahesabu ncha za nyota ya kwanza. Sita. Ya pili, sita. Ya tatu, sita. Nikaenda mpaka mwisho wa safu, nikarudi. Nikapanda safu ya pili, nikashuka ya nne, pengine alikosea, alikuwa mtoto. Sita, sita, sita. Shingo iliuma. Nusu saa, zaidi. Naomi alikuwa amesimama amejikumbatia. Nilimwona Mzee kutoka chini, kidevu kimeinuliwa, amefumba macho, anangoja.

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu: naiona. Amevuka bahari, ni kipofu, nani atamwambia vingine? Nililisikia hata katika sauti ya Généreuse. Kweli itamuponyesha?

"Mzee, sioni ya ncha tano."

Hakusogea.

"Nimehesabu safu ya tatu mara mbili, na za jirani. Zote zina sita. Hakuna yenye tano."

"Baba," Naomi akasema.

"Subiri. Jerioth, je, zinafanana? Usiniambie idadi. Niambie ulivyoona."

Nikarudisha darubini. Nikaenda polepole sasa, kama kwenye albamu. Na nyota ya nane kutoka dirishani haikufanana na wenzake.

"Kuna moja," nikasema. "Imepinda. Ncha zake ni nene, hazilingani, moja imechirizika. Tano ziko hivyo. Ya sita ni nyembamba, imenyooka, imeishia kwa ncha kali kama sindano. Na rangi yake si ile ile, imekolea zaidi. Ni kama imepigwa na mkono mwingine. Siku nyingine."

Njiwa akaruka, akatua tena.

"Mkono wa fundi," Mzee akasema.

"Ndiyo. Wa fundi."

Akainamisha kichwa juu ya fimbo. Nilidhani ameumia, nikainuka upesi, lakini alininyoshea kiganja nisimame hapo hapo. Alikuwa akilia bila sauti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo kichwani.

"Alipanda tena," akasema. "Alijua sirudi, akapanda akaimaliza." Na baadaye, kwa sauti nyingine, "Miaka sitini na saba nilidhani ananingoja."

Naomi alipiga magoti akamshika. Mama wa ufunguo alikuwa ameelewa bila kutafsiriwa, alikwenda mlangoni akatuachia ukumbi. Mimi sikujua niweke wapi mikono yangu, nikaanza kukung'uta koti.

Tulipotoka Mzee aliniomba nimwokotee mawe mawili uani. Moja aliliweka mwenyewe kwenye kizingiti, akalipapasa kuhakikisha limekaa. La pili akanipa. "Hili si langu. Wewe una safari."

Ijumaa, 18 Novemba. Uwanja wa ndege, Vienna

Nimeagana nao. Mzee ameniamuru nisiguse kitu kwenye kaburi la Mama kabla sijauliza.

Nimenunua kadi ya simu nikampigia Gichuki Arlington. Kwao ni alfajiri.

"Cuzo, nani amekufa?"

"Hakuna. Ile kanda. Jeneza likishashuka, kunatokea nini?"

Nikasikia akiketi kitandani. "Si ni udongo. Kila mtoto alirusha wake. Elkana kama first born alianza."

"Halafu?"

"Halafu wote wakamaliza, pastor akataka kuendelea, Elkana akasema ngoja. Akachota tena. Akasema kwa nguvu, hadi kwa mic inasikika: hii ni ya Jerioth. Hukuwa unajua? All these years?"

Kadi ikaisha.

Wameanza kuita abiria wa Nairobi. Jiwe liko mfuko wa kulia na kibali mfuko wa kushoto, na nimesimama kwenye foleni nikiandika, mtu wa nyuma ananisukuma.